Tupeane uzoefu: mnywaji wa kila siku akiacha pombe ghafla

Wakuu, habari zenu. Mtu akisema "leo nimeacha" tunampongeza. Sawa. Lakini kwa aliyezoea kuanza asubuhi, kuacha ghafla kunaweza kumuua, na majumbani hili hatuambiani.

Baba mdogo alikuwa mtu wa viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki. Vilipopigwa marufuku Machi 2017, akahamia kwenye gongo. Ndugu wakamfungia chumbani "imtoke". Siku ya kwanza jasho na kutetemeka, kikombe cha uji hakishikiki. Usiku wa pili akakakamaa, macho juu, povu mdomoni. Wa tatu anakung'uta shuka, anasema siafu wamejaa kitandani. Wazee wakataka mganga. Jirani, nesi mstaafu, akasema mpakieni kwenye bajaji sasa hivi! Hospitali wakamchoma diazepam na vitamini B1, akatulia.

Daktari alitueleza kwamba kilevi hupoza ubongo, nao kwa kuzoea hujichangamsha zaidi kila siku. Kikikatwa ghafla, ule mchangamko unabaki bila kizuizi. Degedege huja zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo, kuweweseka siku ya 2 hadi ya 4.

Mama Wawili: Mume wangu alilazwa baada ya ajali ya bodaboda. Siku ya pili anachomoa dripu, hanitambui. Mama mkwe anasisitiza mwanawe hanywi. Nikamvuta nesi pembeni, nikamwambia chupa kubwa kila siku. Dawa zikabadilishwa saa hiyohiyo. Jamani, mkiulizwa wodini, tajeni kiasi chote.

Mjukuu wa Upareni: Mbona mimi niliacha bila dawa? Usingizi tu ulipotea kidogo.

Mleta mada: Ulikuwa unakunywa kila siku mkuu, au wikiendi?

Mjukuu wa Upareni: Wikiendi.

Mleta mada: Hapo ndipo penye tofauti. Anayetetemeka mpaka azimue, yaani anywe tena ndipo atulie, au aliyewahi kupata degedege, asijaribu peke yake nyumbani.

Fundi Seremala: Mimi nilikuwa siwezi kushika msumeno kabla ya kuzimua. Kituo cha afya walinipa vidonge ambavyo dozi inapunguzwa siku hadi siku, mke ndiye anavitunza na kunihesabia. Mikono imetulia. Hamu bado ipo, hasa siku ya malipo, kwa hiyo pesa anapokea yeye.

Mama Wawili: Hongera sana kaka. Kuna anayejua pa kupata ushauri nasaha Morogoro mjini? Mume wangu ametoka wodini, hatujui pa kuendelea.