Kuchuja maji ya ziwa kwa kitenge: inazuia kipindupindu kweli?

Mama wa Kyeshero: Jambo wote. Huku Goma, Kongo, robine yetu (bomba la maji) imekauka, tunachota Ziwa Kivu. Mama mkwe hajazi bidoni bila kukunja kitenge kuukuu kwenye mdomo wa hiyo bidoni. Mdogo wangu anayesoma uuguzi anasema ni kazi bure, vijidudu vinapita. Nina watoto wadogo, nimfuate nani? Na kwa nini mvua ikirudi, kipindupindu nacho kinarudi?

Wa klori: Mama, mimi nasimama ufukweni na sindano ya klori, natia dawa kwenye bidoni za lita 20. Mdogo wako ana haki: kijidudu cha kipindupindu kikiwa peke yake kinapita kitenge chochote. Lakini majini mara nyingi kinajishika kwenye planktoni, wale wadudu wadogo wadogo, na hao wananaswa. Bangladesh, mtafiti Rita Colwell na wenzake waliwafundisha akina mama kuchuja kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara nne au zaidi. Mwaka 2003 walitangaza matokeo: kipindupindu kilipungua karibu nusu. Kuukuu, mama! Nguo iliyofuliwa sana matundu yake yanabana kuliko mpya.

Sasa ile nusu nyingine ndiyo inayoninyima usingizi. Chujeni, halafu mje kwa klori. Watu wanachota palepale wanapofulia, maji ya kijivu, yana povu. Dawa inaishia kwenye uchafu kabla ya kumfikia mdudu. Na ngojeni nusu saa kabla ya kunywa. Vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, wanakunywa hata barabarani hawajafika, nawapigia kelele mpaka sauti inakauka.

Mwanafunzi, Bukavu: Kuhusu mvua, soma utafiti wa Didier Bompangue na wenzake wa 2011. Walipitia kipindupindu cha Maziwa Makuu toka 1978 hadi 2008. Vipindi vya El Niño (bahari ya Pasifiki ikipata joto na kuvuruga mvua) vyenye joto lisilo la kawaida, wagonjwa waliongezeka sana. Kando ya maziwa, hesabu za kila wiki zilibadilika pamoja na mvua, planktoni na uvuvi. Kwa hiyo hali ya hewa ikibadilika, hiyo ni habari yetu pia, si ya watu wa baharini tu.

Wa klori: Na Goma ongeza lava, mwamba mgumu wa volkano. Shimo la choo halichimbiki, linabaki fupi. Mvua kubwa ikipiga, vyote vinateremka ziwani.

Mama wa Kyeshero: Asanteni sana. Mkwe atafurahi, na mdogo wangu pia. Kitenge chenyewe nikifanye nini baadaye?

Wa klori: Kifue, kisuuze kwa maji yenye klori, kianike juani, maana uliowanasa bado wamo. Maji ya kunywa yakae kwenye chombo chenye mdomo mwembamba, mkono usiingie. Na mtoto akiharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, tafadhali mama, usingoje kuche: sero ya kunywa (ORS, maji ya chumvi na sukari) mkononi, mkimbilie kituo cha matibabu usiku huohuo.