SR-22 Texas: bima ya mdogo wangu imepanda ghafla, afanyeje kabla ya kuhuisha?

Binti_Tabora: Wakuu, naombeni ushauri. Mdogo wangu yuko Dallas. Ana hukumu mbili za kuendesha bila bima, kwa hiyo DPS (idara ya Texas inayosimamia leseni za udereva) inamtaka awe na SR-22. Gari ni Corolla ya 2014, haina mkopo, na amekata bima kubwa. Mkataba wa miezi 6 unaisha wiki tano zijazo, na bei ya kuhuisha imetoka dola 168 kwa mwezi hadi 241. Jioni huwa anapeleka oda za vyakula kwa gari hilohilo. Ahame au avumilie?

Kipanga_DFW: Ahame, ila asikatishe mkataba wa zamani kwanza. SR-22 yenyewe si bima. Ni hati ambayo kampuni inaipeleka DPS kuonyesha kwamba mtu wao ana bima hai. Mkataba ukikatika, iwe kwa kuchelewa kulipa au kwa kuhama, kampuni inaiarifu DPS na leseni inafungiwa. Kuifungua ni dola 100, halafu kila atakayemuuzia bima ataliona lile pengo na kumpandishia bei.

Anunue mpya yenye SR-22, ianze siku moja kabla ya ile ya zamani kuisha. Adai nakala ya hati, kisha aingie ukurasa wa License Eligibility (hali ya leseni) wa DPS ahakikishe imepokelewa. Hapo ndipo aandike barua ya kusitisha. Kulipia siku moja mara mbili ni dola chache tu.

Aangalie pia tarehe ya hukumu ya mwisho. Texas inahesabu miaka 2 ya kuwa na SR-22 kuanzia siku ya hukumu, wala haiangalii bima ilinunuliwa lini. Wapo wanaoendelea kuilipia SR-22 wakati muda umeshapita, kwa kuwa hakuna aliyewakumbusha.

MamaTausi: Kabla ya kuomba bei popote, apate karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ni rekodi ya udereva ya DPS, Type 3A, dola 10. Ya pili ni ripoti ya CLUE kutoka LexisNexis, kampuni inayotunza kumbukumbu za madai ya bima, bure mara moja kila miezi 12. Humo madai ya bima hukaa hadi miaka 7, na kampuni zinaisoma kabla ya kupanga bei.

Aisome mstari kwa mstari. Makosa ya kutafuta: ajali aliyogongwa yeye ikaandikwa kama kosa lake, dai lililofungwa bila senti kulipwa likaonekana kama limelipwa, au dai la mtu mwingine. Majina yetu matatu yanachanganywa sana, la baba linakuwa la kwanza, la babu linapotea. Akiona kosa apeleke pingamizi kwa maandishi pamoja na ushahidi. Kwa kawaida LexisNexis wana siku 30 za kulichunguza, ndiyo maana wiki tano zinatosha ikiwa ataanza leo.

Bwana_Tairi: Dada, kinachonitia hofu zaidi ni hizo oda za vyakula. Mikataba mingi ya gari binafsi haigharamii ajali inayotokea ukiwa umebeba mzigo wa malipo. Anaweza kulipa 241 kila mwezi na siku ya ajali akaambiwa hana kitu. Amwambie wakala waziwazi na aulize nyongeza ya kazi ya delivari inagharimu kiasi gani. Vivyo hivyo watu wazima wanaoishi naye na anwani gari linapolala: aandike ukweli, kwani udanganyifu kwenye fomu unaweza kuliua dai zima.

Pa kupunguza papo. Ajumlishe anacholipia kwa mwaka upande wa uharibifu wa gari lake mwenyewe. Kikizidi kama asilimia 10 ya bei ya Corolla sokoni, mimi ningeitoa bima kubwa. Ile ya kuwalipa wengine asiiguse. Kiwango cha chini Texas ni 30/60/25: dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, 25,000 kwa mali. Akigonga pikapu mpya, hizo 25,000 zinaweza zisitoshe.

Binti_Tabora: Asanteni sana. Na kampuni zikimkataa? Halafu anafikiria kusomea leseni ya malori, CDL.

Kipanga_DFW: Akikataliwa na kampuni mbili ndani ya siku 60, wakala wa bima mwenye leseni anaweza kumwombea kupitia TAIPA, mpango wa Texas wa bima kwa waliokataliwa na kampuni. Ni ghali na haitengenezi gari lake, lakini inamweka barabarani kihalali. Akiuza gari, SR-22 inaweza kukaa kwenye bima ya dereva asiye na gari, ambayo kwa kawaida ni nafuu.

Kuhusu CDL, ajue hili mapema. Kwa leseni ya kawaida, tiketi ya mwendo inaweza kufutwa kwa kozi ya saa 6 ya defensive driving (udereva wa kujihami), mara moja ndani ya miezi 12, mradi hakuzidisha maili 25 au zaidi juu ya kikomo. Anaiomba mahakamani kabla ya tarehe iliyo kwenye tiketi, kisha anapewa siku 90 za kumaliza. Mwenye CDL hana nafasi hiyo, hata kama alikamatwa akiwa na gari lake la nyumbani.