Presha kuka ya umeme ya lita 6: maharage, nyama, na sikukuu ya watu 12

Kijungu

Wakuu, habari za jikoni. Naomba maelezo ya kina kuhusu presha kuka ya umeme ya lita 6. Kuiwasha na kuifunga si tatizo, tatizo ni chakula kinavyotoka. Maharage ya sufuria moja, mengine yamepasuka na kuwa uji, mengine yana kiini kigumu. Nyama ya ng'ombe kwa dakika 20 inatoka ngumu, na mvuke ukifunguliwa haraka inakuwa kavu pia. Mchuzi mzito wa nyanya haufiki popote, kioo kinatoa onyo la kuungua kabla presha haijapanda.

Halafu kuna sikukuu. Watu ni 12, chakula ni nyama ya mchuzi, maharage, wali na viazi, na chombo ni hicho kimoja pamoja na jiko la kawaida. Nini kitangulie? Na je, vipimo vikizidishwa mara mbili, dakika nazo zinazidishwa?

---

FundiMvuke

Karibu mkuu. Dakika unazobonyeza ni sehemu tu ya upishi. Kwanza sufuria inapanda presha: dakika 10 hadi 15 kwa chakula cha kiasi, na inaweza kufika 25 au zaidi ikikaribia kujaa. Kisha zinakuja dakika ulizobonyeza, na hizo zinaanza kuhesabiwa presha ikishatimia. Mwisho presha inashuka yenyewe kwa dakika 10 hadi 25, na muda wote huo ndani bado joto limepita nyuzi 100, kwa hiyo chakula kinaendelea kuiva. Anayefungulia mvuke mara tu kengele inapolia amekifuta kipindi hicho cha mwisho chote.

Hapo ndipo jibu la swali lako la mwisho lilipo. Ukizidisha vipimo, dakika za kubonyeza hazibadiliki. Kinachorefuka ni kupanda na kushuka kwa presha. Dakika zinaamuliwa na unene wa kipande, si uzito wa jumla. Kilo 1 na kilo 3 za nyama iliyokatwa sentimita 4 zinaiva kwa dakika zilezile, lakini bonge moja la kilo 1.5 lisilokatwa linataka karibu mara mbili.

Maharage. Hali ya mengine uji, mengine mawe, ina sababu mbili ambazo mara nyingi huja pamoja. Moja, yamechanganywa ya zamani na mapya, tena hayakulowekwa. Mbili, mvuke umefunguliwa kwa ghafla: presha inaposhuka kwa kasi, maji yaliyo ndani ya punje yanachemka papo hapo na kupasua ganda, hata kama kiini hakijalainika. Fanya hivi:

– Loweka gramu 500 katika lita 2 za maji yenye vijiko 4 vya chai vya chumvi, saa 8 hadi 12. Usiogope chumvi. Sodiamu inachukua nafasi ya kalisiamu na magnesiamu kwenye ganda, na ganda linalainika badala ya kupasuka. Mwaga maji hayo, suuza.
– Weka maji mapya yapite maharage kwa sentimita 2, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kupunguza povu.
– Presha kubwa, dakika 12 kama yamelowekwa, 35 hadi 40 kama hayakulowekwa. Yote mawili, acha presha ishuke yenyewe kwa dakika 20.
– Nyanya, ndimu au siki viingie baada ya maharage kulainika. Asidi inalifanya ganda likaze, na hakuna dakika za kuongeza zitakazolirekebisha vizuri.

Dengu kubwa, zile za duara, zikilowekwa ni dakika 15, zisipolowekwa 45. Maji yenu yakiwa magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, ongeza robo kijiko cha chai cha magadi ya kuokea kwa kila gramu 500. Yakizidi hapo maharage yanapata ladha ya sabuni.

Kitu kimoja cha usalama ambacho hakina mjadala: maharage mekundu yasipikwe kwa kitufe cha kupika polepole kama hayajachemshwa kwanza. Yana sumu ya asili inayovunjika kwa mchemko kamili. Joto la polepole haliivunji, na mtu anaweza kutapika vibaya kwa punje chache tu. Kwa presha kubwa sumu hiyo inaharibika, kwa hiyo njia niliyoandika hapo juu ni salama.

Nyama sasa. Ngumu na kavu ni kasoro mbili tofauti. Ukibonyeza kipande kikarudi kama mpira, hakijaiva: kano na nyama za kuunganisha misuli hazijayeyuka. Kirudishe dakika 10. Kikikatika chenyewe lakini mdomoni ni nyuzi kavu, ama kimepita muda, ama ni mnofu usio na mafuta ambao haukufaa chombo hiki tangu buchani. Chagua bega, kidari au muundi. Vipande vya sentimita 4 ni dakika 30 hadi 35, na dakika 20 ni kidogo mno. Kisha acha presha ishuke yenyewe angalau dakika 15. Kufungulia ghafla kunachemsha maji yaliyo ndani ya nyama yenyewe, yanatoka, na nyama inakaza.

---

BiUpawa

FundiMvuke kamaliza ya maharage. Mie nichukue hilo onyo la kuungua.

Chini ya sufuria ya ndani kuna kihisio cha joto. Sakafu ya sufuria ikipata joto kuliko inavyotakiwa, chombo kinakata moto. Kinachopandisha joto hilo ni kitu kizito kilichotuama chini na kuzuia maji kuzunguka: nyanya ya kopo, unga, au masalio yaliyoganda wakati wa kukaanga. Kwa hiyo ndugu, ukimaliza kukaanga kitunguu na nyama, zima, mimina nusu kikombe cha maji, kwangua sakafu yote kwa mwiko wa mbao mpaka uhisi ni laini. Hapo ndipo uongeze maji mengine. Nyanya ya kopo iweke juu kabisa ya nyama, na USIKOROGE. Ikiiva ndipo unachanganya.

Maji hayapungui chini ya kiasi kilichotajwa kwenye kitabu cha chombo chako. Kwa lita 6 mara nyingi ni mililita 375, yaani kikombe kimoja na nusu. Wala usiyaongeze kupita kiasi ukidhani yatakauka. Mfuniko umefungwa, karibu hakuna kinachopotea, na nyama yenyewe inatoa maji mengi. Ndiyo maana mapishi ya sufuria ya kawaida ukiyahamisha humu bila kupunguza maji yanatoka supu.

Uzito wa mchuzi unatafutwa mwishoni, mfuniko ukiwa wazi. Bonyeza cha kukaangia uchemke dakika 5 hadi 10. Au changanya kijiko kikubwa kimoja cha wanga wa mahindi na viwili vya maji baridi, kwa kila kikombe cha mchuzi, ukoroge hadi ushike. Unga kabla ya presha, hapana kabisa. Maziwa na krimu pia ni vya mwishoni, maana humo ndani vinakatika.

Onyo likitokea tayari: zima, fungulia mvuke, subiri kipini cha mfuniko (kile kidude kidogo kinachopanda presha ikiwepo na kushuka ikiisha) kianguke chenyewe, fungua, kwangua sakafu, ongeza nusu kikombe cha maji, anza upya. Kama sakafu ni safi na maji yamekwisha, kosa haliko kwenye mchuzi. Mvuke unavuja, na wa kukaguliwa ni mpira wa mfuniko.

---

Mwiko

Nyongeza fupi kwa dakika za FundiMvuke. Chombo cha umeme kwa kawaida kinafika nyuzi 115 hadi 118 hivi, wakati presha kuka ya kuweka juu ya jiko inafika karibu 121. Mapishi yaliyoandikwa kwa ajili ya ile ya jikoni yaongezewe kama sehemu moja ya tano: dakika 25 ziwe 30.

Na anayeishi nyanda za juu aongeze asilimia 5 ya dakika kwa kila mita 300 zinazozidi mita 600 kutoka usawa wa bahari. Kwenye mita 1,500 hiyo ni asilimia 15, dakika 30 zinakuwa karibu 35. Chombo kinaongeza presha juu ya ile ya hewa ya nje, na huko juu ya nje ni ndogo, kwa hiyo joto la ndani nalo linapungua. Watu wengi wanalaumu maharage kumbe ni mwinuko.

---

Kijungu

Asanteni sana, sasa sababu zinaeleweka. Kwa hiyo sikukuu ipangwe vipi? Na nyama iliyoganda kwenye friza inaweza kuingia moja kwa moja, ikapangiwa saa ya kuanza usiku ili asubuhi iwe tayari?

---

BiUpawa

Saa ya kuanza na nyama haviendani. Nyama ikikaa humo saa nyingi bila moto, bakteria wanazaana, na baadhi wanaacha sumu ambayo joto la baadaye haliiondoi. Kitufe hicho kitumie kwa maharage yanayolowekwa humohumo, basi. Iliyoganda inaweza kuingia kama ni vipande vilivyoachana, visivyozidi sentimita 4 au 5. Bonge lililoshikana, hapana, maana nje itaiva na kati kubaki baridi. Iyeyushe ndani ya friji, na kwa kilo 2 hivi tenga siku nzima.

Watu 12 kwa chombo kimoja wanawezekana ukikubali jambo moja: nyama na maharage vinapikwa siku moja kabla. Havipungui ladha, vinaongezeka.

Nyama kilo 3 isiyo na mfupa (itapungua kama theluthi). Kata vipande vikubwa vya sentimita 7 au 8, kaanga kwa mafungu matatu, ukijaza sufuria itachemka badala ya kukaangika. Maji vikombe viwili. Presha kubwa dakika 45, acha ishuke yenyewe. Usivuke alama ya theluthi mbili ndani ya sufuria.

Kuipoza ndiko wengi wanakoharibu. Sufuria ya ndani ni nzito na inatunza joto, usiiingize kwenye friji ikiwa imejaa. Hamishia nyama na mchuzi wake kwenye vyombo bapa, kina kisizidi sentimita 5, viingie friji ndani ya saa 2. Asubuhi mafuta yameganda juu, unayaondoa kwa kijiko. Kata nyama ikiwa baridi, haitachambuka, kisha pasha kwenye mchuzi wake, jiko la kawaida, moto mdogo, mpaka ichemke kote.

Maharage yafuate jioni hiyohiyo. Alama yake ni NUSU ya sufuria, si theluthi mbili, maana yanatoa povu na kuvimba. Kwa lita 6 usizidishe gramu 750 za maharage makavu. Povu likifika kwenye vali ya mvuke linaiziba, na vali ikiziba huwezi kutoa mvuke kwa kuifungulia.

Viazi pika kwenye sufuria ya kawaida. Presha kuka isilazimishwe kubeba kila kitu. Ukitaka lazima viwe ndani ya mchuzi wa nyama siku za kawaida, viingie baada: nyama iive, fungua, weka viazi vya sentimita 5, dakika 5 tena. Presha ya mara ya pili inapanda haraka kwa sababu vitu vishachemka.

---

FundiMvuke

Na siku yenyewe chombo kinabaki cha wali peke yake. Vikombe 4 vya mchele wa nafaka ndefu vinatoa karibu 12 vya wali, kinatosha kikombe kimoja kwa mtu. Osha hadi maji yatoke meupe yasiyo na ukungu, chuja vizuri, kisha maji vikombe 4, chumvi vijiko 2 vya chai, mafuta kijiko kikubwa kimoja. Kikombe kimoja cha maji kwa kimoja cha mchele, si viwili kama kwenye jiko, maana hakuna kinachokauka. Presha kubwa dakika 5, iache dakika 10, fungulia iliyobaki, chambua kwa uma mara moja.

Mkila saa saba mchana, bonyeza saa sita na robo. Kazi yote ni kama nusu saa, na robo inayobaki ni akiba. Wali ukitoka mgumu, mara nyingine ongeza robo kikombe cha maji na siyo dakika. Ukitoka unashikana, mchele haukuoshwa vya kutosha au haukuchujwa. Usiuache kwenye kitufe cha kutunza joto kwa saa nyingi, chini utakauka.

---

Mwiko

Kabla ya wiki hiyo ya sikukuu kagua mpira wa mfuniko, si asubuhi ya siku yenyewe. Utoe, uoshe, urudishe, kisha uzungushe kwa vidole: unatakiwa kuteleza kwenye reli yake bila kuchomoka popote. Weka vikombe 3 vya maji, funga, bonyeza dakika 2. Kipini kikipanda na mvuke usionekane kingoni, uko salama. Ukiona mvuke kingoni, au mpira umelegea na kupasuka, badilisha. Kwa matumizi ya kila siku hubadilishwa kila mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu. Mpira pia unashika harufu, kwa hiyo anayepika na vitu vitamu humo awe na wa pili.

Toa pia kile kikofia cha chuma kilicho chini ya vali, upande wa ndani wa mfuniko, ukisugue kwa mswaki. Na kausha chini ya sufuria ya ndani kila unapoirudisha: tone la maji au punje ya mchele iliyonasa kati ya sufuria na sahani ya moto inaweza kuvuruga kihisio, ukapewa onyo la kuungua kwa chakula kisicho na kosa.