Vitabu na nyimbo: nani apewe kiberiti?

Msomaji wa Usiku: Wakuu, naleta mada. Tarehe 10 Mei 1933 pale Berlin vilichomwa vitabu zaidi ya 20,000 mbele ya jumba la opera, Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, akihutubia. Waliovibeba mpaka motoni hawakuwa wahuni, ni wanafunzi wa chuo kikuu. Januari 2013 wapiganaji waliokuwa wakiikimbia Timbuktu, kule Mali, wakachoma miswada ya kale kama 4,000 ya Taasisi ya Ahmed Baba. Sisi hatuchomi, tunafungia: Februari 2018 nyimbo za Bongo Fleva, Februari 2023 vitabu 16 vya watoto. Swali langu: kuna kitabu au wimbo ambao serikali ina haki ya kumnyima mtu mzima? Mimi nasema hakuna hata kimoja. Baba yangu alipookoka alichoma kaseti zote za nyumbani kwenye shimo la taka, mimi nikiwa darasa la nne. Utepe ulikuwa unajikunja kama nywele, plastiki inadondoka matone meusi. Siku hiyo niliwajua watu wa Berlin kabla sijawasoma.

Kiberenge: Vile 16 Wizara ya Elimu ilivizuia mashuleni, na mtoto wa darasa la tatu si mtu mzima. Mada yako imeanza na kiraka. Halafu hizo nyimbo za siku hizi hata zikifungiwa zote, hasara iko wapi? Wazee wetu waliimba kwa mafumbo, hakuna aliyewagusa.

Mtoto wa Ilala: Hakuna aliyewagusa? Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar hii hii. Franco, ambaye nyinyi wazee mkimsikia harusini mnainuka na viti, alitiwa ndani kule Zaire mwaka 1978 kwa nyimbo zake "Hélène" na "Jacky". Hizo nazo ni mafumbo?

Kiberenge: Soul ni ya Wamarekani, si ya wazee wetu. Na Franco alifungwa kwa matusi, kwa hiyo umenisaidia mimi. Na usiniite mzee, hatujuani.

Mtoto wa Ilala: Sawa kijana. Niambie basi: Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa "Wapo". Hiyo ni Jumapili. Jumatatu Waziri Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, aachiwe na wimbo upigwe. Ulikuwa kosa Jumapili, Jumatatu ukatakaswa na nini?

Mwana Mvita: Mnaacha kubwa mnashika dogo. Mshairi wa Kenya Abdilatif Abdalla alikaa jela miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa waraka mmoja, *Kenya: Twendapi?* Mashairi aliyoyaandika humo ndani kwenye karatasi za msalani ndiyo *Sauti ya Dhiki*. Mwaka 1974 yakapewa tuzo, na tuzo yenyewe ina jina la Jomo Kenyatta, ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Mimi mashairi hayo nimeyasoma shuleni, na kila nikifika mahali anapoisimamia kweli yake mwili hunisisimka.

Mama Neema: Mie nimekwama kule juu. Msomaji, baba yako mzazi kaokoka, wewe unamweka kundi moja na Wanazi? Soma Matendo 19:19. Watu wa Efeso walileta vitabu vyao vya uganga wakavichoma mbele ya wote, thamani yake fedha elfu hamsini. Hakuna askari aliyewashika mkono. Walikuwa wanajifungua wenyewe.

Bin Ali: Ni kweli, si kila moto ni dharau. Kwetu kurasa za Msahafu zilizochakaa huzikwa au huchomwa zisije zikakanyagwa. Nia ndiyo inayopimwa.

Mtoto wa Ilala: Nia! Yule Mjerumani alipoona Hitler anachoma vitabu alisema wanaochoma vitabu mwisho watachoma watu. Aliuliza nia?

Mwana Mvita: Hakumwona Hitler, ndugu yangu. Ni Heinrich Heine, aliandika hayo 1821 na akafa 1856. Na katika tamthilia yake alimoyaandika, anayesema ni Mwislamu, baada ya kusikia Kurani zimechomwa Granada, Uhispania. Vitabu vya Heine mwenyewe vikaja kutupwa motoni 1933. Bin Ali, kadinali aliyechoma kule Granada naye aliona ana nia njema.

Bin Ali: Usinilinganishe na huyo. Mimi nimezungumzia kurasa zetu wenyewe, zilizochakaa mikononi mwetu.

Mama Neema: Ndiyo hoja yangu, na bado sijajibiwa. Kaseti zake, kiberiti chake, shimo lake. Serikali imeingiaje?

Msomaji wa Usiku: Shikamoo Mama Neema. Hazikuwa zake. Zilikuwa za mama, alikuja nazo kwenye sanduku lake alipoolewa.

Mama Neema: Marahaba mwanangu. Hilo hukulisema mwanzo. Mama alisema nini?

Msomaji wa Usiku: Alikuwa anapeta mchele. Aliendelea kupeta hata ulipokuwa umeshatakata. Kaseti moja haikuwa ya bendi yoyote. Mjomba aliirekodi kwenye harusi, mna sauti ya bibi mzaa mama anaimba na wenzake, na bibi alishafariki. Haikuandikwa kitu juu, imebandikwa plasta tu. Baba hakuisikiliza hata moja kabla ya kuichoma. Ndiyo maana nikawataja wale wa Berlin. Sikusema baba ni mtu mbaya.

Kiberenge: Pole sana mkuu, kwa hili sina neno. Ila kwa vile 16 sitarudi nyuma, vilistahili.

Mtoto wa Ilala: Umevisoma?

Kiberenge: Nimesoma orodha. Majina yanatosha.

Mtoto wa Ilala: Kimoja tu basi. Umesoma kimoja?

Mama Neema: Nyie wawili mtakesha. Msomaji, wimbo wa bibi unaukumbuka?

Msomaji wa Usiku: Mahadhi ninayo. Maneno nimefika ubeti wa pili. Dada yangu yuko Shinyanga, anadhani wa tatu anao. Nitampigia Jumapili.