Mjadala: Matandazo bustanini, vidole viwili vinatosha au mpaka kifundo cha mguu?

Mleta mada (Dodoma):
Wakuu, heshima kwenu. Naleta hoja iliyonifanya mimi na shemeji yangu tusielewane tangu mvua za Desemba.

Nina matuta sita nyuma ya nyumba: mchicha, sukuma wiki, nyanya, na nyanya chungu pembeni. Yote nilikuwa nimeyafunika kwa matandazo, yaani nyasi kavu juu ya udongo, unene wa vidole viwili tu. Shemeji kakulia Bukoba. Alipotutembelea aliyatazama, akacheka, akasema udongo wangu uko uchi kama mtoto anayeogeshwa. Kesho yake akaja na nyasi guta zima, akazimwaga kwenye matuta matano mpaka zikafika kifundo cha mguu. La sita nyasi zilimwishia, likabaki na zile zangu za vidole viwili. Nilinyamaza. Shemeji hagombezwi mbele ya dada yake.

Sasa mvua ya Dodoma mnaijua. Mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600, karibu yote inaanguka kati ya Desemba na Aprili, na katikati yake kuna siku nyingi za manyunyu ya kulaza vumbi tu. Baada ya manyunyu ya namna hiyo niliingiza mkono chini ya nyasi za shemeji. Juu zimelowa chapachapa, chini udongo mkavu kama unga wa dona. Tuta la sita lilikuwa na unyevu. Mvua ya milimita 3 ni lita 3 tu kwa kila mita ya mraba, na nyasi kavu zikiwa nene hivyo zinaimaliza zenyewe kabla mzizi haujapata kitu.

Msimamo wangu: huku kwenye ukame tandaza sentimita 3 mpaka 5, na utandaze udongo ukiwa umeshalowa, si kabla. Mafundisho ya "kadiri yanavyozidi ndivyo bora" yametoka kwa watu wenye mvua.

Halafu kuna hesabu ambayo hakuna anayeipiga. Tuta la mita 1 kwa 10, ukitandaza sentimita 5 unahitaji lita 500, yaani ndoo kubwa 25. Sentimita 10 ni ndoo 50. Zidisha kwa matuta sita, kisha uniambie nyasi hizo tunakata wapi mwezi wa tisa.

Karibuni, ila kila mtu aseme yuko wapi na anatandaza nini. Wa Tukuyu na wa Singida hawawezi kugawiwa rula moja.

Bukoba:
Shemeji yako kasema kweli, tatizo kasahau kwamba ameondoka nyumbani.

Sisi kibanja, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, kikiwa wazi ni aibu ya mwenye nyumba. Wazazi wetu walikata nyasi rweya, zile mbuga za nyasi nje ya vibanja, wakazibeba kichwani mpaka kwenye migomba, mwaka hadi mwaka, na ndizo zilizoulisha udongo ule pamoja na samadi. Lakini Bukoba mvua inafika milimita 2,000. Nyasi unazotandaza leo zikiwa nene, baada ya miezi michache unazitafuta. Kwa hiyo unene wetu si anasa, ni kwamba zinaoza haraka, na bila hizo mvua inasomba udongo wa juu.

Na hata sisi hatusukumi nyasi mpaka kwenye shina. Mgomba ukiubananishia nyasi mbichi unawaandalia vifukuzi, wale wadudu wanaotoboa shina lake, nyumba yenye kivuli na unyevu. Tunaacha nafasi ya hatua moja hivi kuzunguka shina.

Ile hesabu yako ya ndoo nimeipenda. Rweya nyingi siku hizi zimepandwa miti, hivyo swali la nyasi zinatoka wapi hata huku tunaulizana.

Dar, Kimara:
Mkuu mimi sinunui nyasi. Fundi seremala wa jirani ananipa maranda na vumbi la mbao bure, magunia kwa magunia. Nimeweka karibu sentimita 10 na nikachanganya na udongo ili yaoze haraka. Mchicha umekuwa wa njano, umedumaa, unatia huruma. Ina maana maranda yana sumu?

Bwana shamba mstaafu (Morogoro):
Kijana wa Kimara, maranda hayana sumu, kosa ni jembe. Vumbi la mbao lina kaboni nyingi mno na naitrojeni kidogo sana. Vijidudu vinavyoliozesha vinahitaji naitrojeni, na ukishalichanganya na udongo vinaichukua humohumo ambamo mchicha nao unaitafuta. Mchicha unashindwa. Ungeyaacha juu ya udongo, ugomvi huo ungebaki pale yanapogusana tu. Sasa ongeza samadi iliyoiva na usubiri. Vumbi laini lisizidi sentimita 2 au 3, maana likikauka linagandamana na maji yanateleza juu yake. Maranda yenyewe, yale yaliyojikunja, yanaweza kufika 5.

Muulize pia fundi huyo anaranda mbao gani. Mbao za kupaulia zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, mara nyingi dawa yake ina shaba, kromiamu na arseniki. Maranda ya hizo usiyasogeze kwenye mboga.

Kwa mleta mada: nakuunga mkono nusu. Kipimo si sentimita peke yake, ni kitu gani unatandaza. Mabua ya mahindi ukiyarundika sentimita 10 bado mwanga na maji vinapita. Majani mapana, kama ya mwembe au mgomba, sentimita 3 tu yameshalaliana kama mabati. Kwenye kitalu tulifundisha hivi kwa miaka yote: funika nyasi chache mpaka mbegu ziote, kisha ziondoe jioni ile ile na uinue chanja cha kivuli juu yake. Anayechelewa anapata miche mirefu, mieupe, na juu yake kinyausi, ugonjwa unaoozesha miche shinani.

Na mchwa, kabla hamjaniuliza. Matandazo hayazai mchwa, walikuwepo. Wataila ile nyasi kavu, na hiyo si hasara yote kwa kuwa wanaichimbia udongo matundu. Ila mche mchanga wa mpapai au mwembe ukiuzungushia mabua mpaka shinani, unawajengea barabara yenye paa.

Machakos:
Nyinyi mna raha. Mabua yangu yote ni ya ng'ombe. Ninachotandaza ni kile alichokataa kula, na hakifiki hata kidole kimoja. Wataalamu wa kilimo hifadhi wanataka angalau asilimia 30 ya ardhi ifunikwe. Ng'ombe naye anataka asilimia 100. Mnanishauri nimnyime nani?

Bukoba:
@Machakos mpe ng'ombe, kisha chukua samadi. Ndivyo kibanja kilivyoishi.

Mama wa nyumbani (Moshi):
Wanaume mnazungumza sentimita, mie nazungumza nyoka. Uwanja wangu unafagiliwa kila asubuhi, na majani yanachomwa pale kwenye kona. Baba watoto kataka yatandazwe kwenye bustani iliyo mita tatu kutoka mlango wa jiko. Nimekataa.

Bwana shamba mstaafu (Morogoro):
Dada, hofu yako ina msingi. Nyoka hafuati nyasi, anafuata panya na vyura, na hao hupenda matandazo mazito. Karibu na mlango weka sentimita 3 za vitu vilivyokatwakatwa, asipate pa kujificha. Lakini ule moto kwenye kona uache. Unachochoma asubuhi ndicho mnachokwenda kununua jioni kwenye mfuko wa mbolea.

Unguja:
Mie natandaza makumbi (maganda ya nje ya nazi) na makuti makavu, udongo wangu mchanga mtupu. Maji ukiyamwaga hapa hukai nayo, yameshakwenda. Kwa mchanga kama huu vidole viwili havinisaidii kitu, natandaza sentimita 7 na bado namwagilia kila siku mbili. Ila makumbi msiyachukue yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kamba. Yamekunywa maji ya bahari, na chumvi hiyo itahamia kwenye bamia zako.

Swali kwa mleta mada: wewe unamwagilia vipi kiangazi? Kwa sababu hoja yako yote ni ya mvua. Mwezi wa nane hapo Dodoma mvua hamna kabisa, kwa hiyo manyunyu hayaibiwi na nyasi. Kinachoiba ni jua na ule upepo wenu.

Mleta mada (Dodoma):
@Unguja hapo umenishika. Kiangazi namwagilia kwa ndoo, nazungusha kwa juu kama mvua. Jana nimejaribu kama ulivyonielekeza bila kusema: nikafunua nyasi kwenye mashina ya nyanya, nikamimina nusu kopo kila shina, nikafunika tena. Leo saa tisa mchana, jua la kupasua kichwa, udongo chini ya nyasi nene bado unashikamana ukiufinya. Tuta la vidole viwili limeshapasuka nyufa.

Basi narekebisha msimamo, siufuti. Wakati wa manyunyu, nyembamba. Mvua ikishakatika na udongo umeshiba, ongeza mpaka sentimita 8 hivi, na maji yaende shinani, si juu ya nyasi. Nyanya nimezipa faida nyingine ambayo sikuitaja mwanzo: majani ya chini hayarushiwi tope na mvua, na ugonjwa wa bakajani, ule wa mabaka na kukauka majani, msimu huu umepungua. Tuta moja si ushahidi, najua.

Dar, Kimara:
Na magugu je? Yameisha?

Mleta mada (Dodoma):
Mchicha pori umeisha. Ndago haijali, inatoboa nyasi za sentimita 10 kama sindano, hiyo ni ya kung'oa na kiazi chake.

Bukoba:
Shemeji alikata nyasi zikiwa zimeshatoa mbegu au bado?

Mleta mada (Dodoma):
Zilikuwa na mbegu. Tangu wiki jana zimeota matuta yote matano, za kijani, zimestawi kuliko mchicha. Nimempigia simu, amesema atakuja Jumamosi kuzing'oa, na kwamba nisimwambie dada yake.

Mama wa nyumbani (Moshi):
Na nyoka je, umemwona?

Mleta mada (Dodoma):
Chura mmoja. Nimemwacha, anakula sota, wale viwavi wanaokata miche.