Mrejesho: vivuli vya miale kwenye visanduku vya picha

Assalamu alaykum ndugu zangu. Niliuliza namna ya kuvipa vivuli vya uhalisia visanduku vya picha katika tovuti ninayoitengenezea karakana ya milango ya nakshi hapa Mji Mkongwe, kwa sababu box-shadow, yaani amri ya kivuli ya CSS (lugha ya kupambia kurasa za wavuti), hufifiza kingo zote kwa kiasi kimoja, ilhali kivuli cha kweli huwa kikali kitu kinapogusana na ukuta na hulainika kadiri kinavyoachana nao.

Nimefuata ushauri wenu wa kukokotoa vivuli kwa kurusha miale, na umefaa sana. Programu husoma nafasi ya kila kisanduku, kisha sheda ya WebGL (programu ndogo ya kuchora picha ndani ya kivinjari), kwa kila nukta ya skrini, hurusha miale ya kihesabu kuelekea sehemu mbalimbali za taa ya kubuni yenye upana. Kiasi cha miale inayozuiliwa ndicho kinachoamua giza la nukta hiyo. Miale michache huacha chengachenga, kwa hiyo programu hukusanya wastani wa fremu (picha zinazochorwa moja baada ya nyingine) mfululizo hadi kivuli kitulie, halafu husimamisha hesabu mpaka mtu asogeze ukurasa, maana simu ya bei nafuu haistahili kumalizwa chaji kwa ajili ya pambo. Kisanduku kilichoinuliwa upande mmoja ndicho kilichonifurahisha zaidi: ukingo wa kivuli huanza mwembamba kama wembe, ukapanuka taratibu. Maandishi bado hayana kivuli cha aina hii, kwa kuwa maumbo yake si mistatili, nayo ndiyo ninayoyashughulikia sasa. Ahsanteni sana.