Strima yangu ni nzima, kampuni inataka niitupe: sinunui mpya, na ninataka majibu

Wakuu, salaam.

Nimefungua uzi huu nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kulieleza jambo kwa utaratibu, kwa sababu naamini humu wamo wengi waliokwisha kupokea barua pepe kama niliyoipokea mimi. Kampuni iliyotengeneza strima yangu (chombo kinachopokea muziki kutoka kwenye mtandao au diski na kuupeleka kwenye amplifaya), kampuni ya Ulaya ambayo bidhaa zake huuzwa kwa bei ya gari dogo lililotumika, imetangaza kwamba modeli yangu haitapewa tena masasisho ya programu na kwamba huduma za muziki wa mtandaoni huenda zisipatikane kikamilifu. Chini ya tangazo hilo ikawekwa habari iliyonikera kuliko tangazo lenyewe: wateja wa siku nyingi tutapunguziwa bei tukinunua modeli mpya.

Kwanza tuelewane ni kitu gani kimekufa na kipi kingali hai. Transfoma ni nzima, DAC (sehemu inayogeuza data ya kidijitali kuwa mawimbi ya sauti ya umeme) ni nzima, na sauti inayotoka kwenye soketi za nyuma ni ileile iliyonifanya nitoe fedha zote zile. Nikichomeka diski ya USB yenye faili za muziki za FLAC, aina isiyopoteza ubora, chombo kinapiga albamu mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Kilichokufa ni uwezo wa kuingia kwenye huduma za mtandaoni. Kabla ya kupokea muziki kutoka kwenye seva, kifaa hukagua cheti cha usalama cha seva hiyo kwa kutumia vyeti vya msingi vilivyohifadhiwa ndani yake. Vyeti hivyo vina tarehe ya mwisho, na vikipitwa na wakati pasipo kampuni kuweka vingine, kifaa hukataa kuunganishwa hata kama mtandao uko vizuri kabisa. Tena, huduma zenyewe hubadilisha njia za kuunganishwa: Spotify iliifunga libspotify, programu yake ya zamani iliyotumiwa na watengenezaji kuunganisha vifaa na huduma hiyo, mwaka 2022, na vifaa vilivyoitegemea vikakosa huduma hiyo. Yote hayo ni mambo ya programu, wala hayagusi sauti. Kumtaka mteja anunue kasha jipya la aluminiamu, transfoma mpya na skrini mpya kwa sababu ya faili la vyeti ni sawa na kumtaka avunje nyumba kwa sababu kitasa kimegoma.

Nilikwenda kwa wakala wao hapa Dar es Salaam nikitaka kujua jambo moja tu: je, kuna namna ya kuweka programu mpya kwenye chombo nilicho nacho? Swali hilo halikujibiwa. Nilikalishwa kwenye kiti cha ngozi, nikapigiwa wimbo mmoja kwanza kwenye modeli kama yangu, kisha kwenye mpya, na nikaulizwa kama nausikia uhai uliokuwa umefichika. Tofauti niliisikia kweli. Lakini pia niliiona skrini ya amplifaya: modeli ya zamani ilipigwa sauti ikiwa kwenye 42, na mpya ilipigwa ikiwa kwenye 45. Kila aliyewahi kufanya majaribio ya kusikiliza kwa uaminifu anajua kwamba sauti ikiongezwa kidogo tu, hata chini ya desibeli moja, sikio huihesabu kuwa safi zaidi na yenye undani zaidi. Nikaomba zote mbili ziwekwe kwenye 42. Nikajibiwa kwamba kila chombo kina asili yake, na mazungumzo yakahamishiwa kwenye mpango wa malipo. Huo ni ulaghai, na sina neno jingine la kuuita.

Baada ya hapo nilimwagiwa tarakimu. Modeli mpya inapokea sampuli (vipimo vya sauti) 768,000 kwa sekunde wakati yangu inaishia 192,000, kwa hiyo eti yangu imepitwa. Ndugu zangu, CD iliyoingia sokoni mwaka 1982 ina sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16 kwa kila sampuli, kiasi ambacho kinatosha kubeba masafa yote ambayo sikio la mwanadamu linaweza kuyasikia, yaani hadi hezi 20,000 kwa kijana mwenye masikio mazuri, pamoja na upana wa takribani desibeli 96 kati ya sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha katika jarida la jumuiya ya wahandisi wa sauti, AES, majaribio ambayo wasikilizaji walilinganisha rekodi za kiwango cha juu na rekodi hizohizo zilizopitishwa kwenye kiwango cha CD. Kati ya majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276, sawasawa na mtu anayebahatisha kwa kurusha sarafu. Sitaki kuficha upande wa pili: mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya matokeo ya tafiti 18 na kupata asilimia 52.3 ya majibu sahihi. Kwa hiyo ipo tofauti ndogo ambayo baadhi ya watu huisikia baadhi ya nyakati, tena zaidi wakiwa wamefundishwa cha kusikiliza. Je, tofauti hiyo ndiyo ya kumfanya mtu atoe mamilioni ya shilingi, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 juu yake?

Halafu mimi nasikiliza nini? Sehemu kubwa ya maktaba yangu ni taarab na muziki wa dansi uliorekodiwa studio za Radio Tanzania miaka ya 1970 kwenye mkanda wa sumaku. Mkanda ule una mvumo wake wenyewe unaosikika kabla mpiga gita hajagusa waya, na mvumo huo ni mkubwa kuliko kelele zote zinazoweza kuletwa na biti 16. Hakuna strima, ya bei yoyote, inayoweza kutoa humo kitu ambacho mkanda haukukihifadhi.

Wakala pia alitaka nichukue swichi maalumu ya mtandao na waya wa kuunganishia, eti kwa ajili ya kusafisha data. Data ya muziki husafiri kwa vifurushi vinavyokaguliwa, kilichopotea hutumwa tena, na vyote hukusanywa kwenye hifadhi ya muda kabla DAC haijavigusa. Hakuna cha kusafishwa hapo.

Msije mkasema kwamba hii ni mara yao ya kwanza. Ni wauzaji haohao waliotuambia miaka michache iliyopita kwamba strima isiyo na MQA, teknolojia ya kufungasha muziki wa kiwango cha juu, si ya kununua, na bei ya leseni ya teknolojia hiyo ilikuwa ndani ya bei tuliyolipa. Tidal, huduma ya muziki wa mtandaoni, ilianza kuitumia Januari 2017. Aprili 2023 kampuni ya MQA iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, Septemba mwaka huohuo mali zake zikanunuliwa na Lenbrook ya Kanada, na Julai 2024 Tidal ikaiacha na kubaki na FLAC, ambayo ipo tangu 2001 na haina malipo ya leseni. Wauzaji hawajawahi kutuambia lolote juu ya hilo, wala bei haikushuka hata senti.

Sasa tazameni jambo linaloonyesha kwamba haya hayakuwa lazima. Logitech iliacha kutengeneza strima za Squeezebox mwaka 2012, na mwaka 2024 ikaifunga seva ya mtandaoni iliyokuwa ikizihudumia. Pamoja na hayo vifaa hivyo vinapiga hadi leo, kwa sababu msimbo wa programu ya seva yao ulikuwa wazi, na watu wa kujitolea wanaendelea kuutunza kwa jina la Lyrion Music Server. Kifaa cha bei ya kawaida kinaishi zaidi ya muongo mmoja baada ya kutelekezwa, na changu, kilichouzwa kama chombo cha maisha yote, kinakatwa pumzi na walewale waliokitengeneza.

Uamuzi wangu ni huu. Sinunui modeli mpya. Strima yangu ina soketi ya USB ya kupokea sauti kutoka kwenye kompyuta, nayo ni ya aina ambayo DAC ndiyo inayoomba data kwa mwendo wa saa yake yenyewe, kwa hiyo nitaweka Raspberry Pi yenye programu ya kupiga muziki ya piCorePlayer mbele yake, na kazi ya mtandao itafanywa na kompyuta hiyo ndogo ninayoweza kuibadilisha bila kuuza shamba. Fedha inayobaki itakwenda kwenye mapazia mazito na zulia la sebule yangu yenye sakafu ya marumaru, kwa maana mwangwi wa chumba kile unaharibu sauti za waimbaji kuliko DAC yoyote ninayoijua.

Lakini kujitafutia njia hakuifutii kampuni wajibu wake. Ninataka ifanye moja kati ya mawili: ama itoe sasisho la mwisho lenye vyeti vipya, ama iufungue msimbo ili mafundi wengine waweze kufanya kazi hiyo. Na kuanzia sasa strima yoyote iuzwe ikiwa na maandishi kwenye boksi yanayosema masasisho yatatolewa hadi mwaka gani, ili mnunuzi ajue anacholipia. Ninaandaa malalamiko ya maandishi kwa Tume ya Ushindani (FCC) kuhusu wakala huyu. Mwenye barua pepe ya kampuni, risiti, au tangazo lililoahidi masasisho wakati wa kuuziwa, aniandikie kwenye ujumbe binafsi na aseme modeli na mwaka alionunua. Anayetaka kuja kuniambia hapa kwamba sina masikio, aje na matokeo ya jaribio ambalo sauti za vyombo vyote viwili zimesawazishwa kwa kipimo.